Vallisneria imeshika: sikilidi wa magamba kwenye maji magumu ya Dodoma

Hatimaye. Wiki nzima hakuna jani la vallisneria, mmea wa majini wenye majani marefu kama utepe, lililokutwa asubuhi likielea juu ya maji. Mliokuwa mnanicheka kwamba samaki wangu wachimbaji hawataacha mmea usimame, haya.

Kwa aliyekosa mwanzo: tangi la samaki ni sentimita 60 × 30 × 36, lita 64 kwa hesabu ya kioo, na maji ni ya bomba la Dodoma. Wenyeji mnayajua, sabuni inagoma kutoa povu na birika linaota ukoko. Vipimo vya matone vinanipa GH 18 (ugumu wa jumla), KH 13 (ugumu wa kaboneti), pH 8.2 asubuhi (7 ni katikati, juu yake ni alkali). Nasema vya matone makusudi. Zile karatasi za kuchovya zilinipa majibu mawili tofauti kutoka kwenye glasi moja ya maji, na sasa nazitumia kuweka alama kwenye kitabu.

Kuchagua sikilidi, samaki wa jamii ya akina sato, kulichukua muda kuliko kujenga stendi. Muuzaji mmoja alinisukumia ramirezi kwa neno moja tu, "watazoea". Kuzoea watazoea, watakula na kuogelea, ila ni samaki wa maji laini ya mto Orinoco, Amerika Kusini, na mayai yao kwenye maji ya namna hii mara nyingi hayaanguliwi. Apistogramma, sikilidi wengine wadogo wa huko, hivyo hivyo. Kuyalainisha kwa maji ya mvua? Dodoma? Mvua inaingia Desemba, Aprili imeshaaga, halafu miezi yote iliyobaki ningelainisha kwa dua. Kribensis wa Nigeria anavumilia ugumu wa kiasi na majani hayali, nilimtamani sana, lakini kwake pH inaelekeza jinsia ya watoto: maji ya asidi huleta madume mengi, ya alkali huelemea majike. Sikutaka kizazi cha majike karibu watupu. Mbuna wa Ziwa Nyasa maji haya wangeyapenda, ila lita 64 haziwatoshi kwa ugomvi wao, na majani wanayala.

Nikabaki na Tanganyika. Ziwa linalotupa kuhe, mmoja wa sikilidi wakubwa kuliko wote duniani, ndilo lina Neolamprologus multifasciatus, ambaye dume lake halifiki sentimita 5 na jike linaishia 3 hivi. Analala, anazaa na anajificha ndani ya gamba la konokono. Ocellatus naye anakaa kwenye magamba na ana rangi nzuri zaidi, lakini dume lake ni bondia. Kwa urefu wa sentimita 60 ningeweka jozi moja na basi. Multi, ndivyo tunavyowaita hao multifasciatus, wanaishi kwa ukoo, familia juu ya familia, na mimi nilitaka ukoo. Wangu walizalishwa tangini Dar na wakaja kwa basi la usiku, wote wazima.

Magamba: rafiki wa Kigoma alinipatia ya Neothauma, yule konokono wa Tanganyika ambaye hapatikani hai kwingine. Msidanganywe na wauza kauri wa pwani. Mdomo wa kauri ni ufa tu, samaki haingii. Gamba la baharini lenye mdomo wa duara linafaa, kwa kuwa chokaa yake haiwasumbui samaki wa maji haya.

Sasa balaa lenyewe. Multi wanachimba. Siyo kuchimba kwa kupitisha muda: wanabeba mchanga mdomoni, tonge baada ya tonge, mpaka kioo cha chini kinaonekana. Vallisneria iliyokuwa nyuma ya magamba iling'oka usiku wa kwanza. Nikaifunga vipande vya risasi, ikabaki imesimama juu ya kioo kitupu, mizizi nje. Nikatandika wavu wa plastiki chini ya mchanga. Wakaufukua, na mmoja akaanza kupita chini yake, nikautoa mbio kabla hajanasa. Nikazungushia mawe. Mawe yakazama upande mmoja, yakalala, mchanga ukapita.

Na mchanga unaochimbwa una pa kwenda: ulikuwa unamwagwa juu ya shina la mmea wangu mwingine, Anubias, nilioufunga kwenye jiwe, na shina la Anubias likifukiwa linaoza.

Kilichoniumiza zaidi ni mbolea. Kwenye pH hii chuma cha kawaida hakikai ndani ya maji, kinaganda na majani mapya yanatoka ya njano. Chuma cha EDTA, yaani kilichofungwa kwa kemikali hiyo ili kisigande, hakifiki mbali. Cha EDDHA ndicho kinastahimili alkali. Kwa hiyo nilikuwa nimefinyanga vidonge vya udongo wa kichuguu, chembe za EDDHA ndani, nikavikausha na kuvizika chini ya mizizi. Multi wakavifukua kimoja kimoja. Nilitoka kazini nikakuta tangi rangi ya chai ya maziwa.

Jibu lilikuwa kwenye yale mawe. Yalianguka kwa sababu yalikaa juu ya mchanga, ukuta bila msingi. Nikahamisha samaki kwenye ndoo, nikasogeza mchanga wote, nikapanga mawe bapa ya graniti juu ya kioo chenyewe (foamu nyembamba chini yake, msisahau), mianya nikaiziba kwa kokoto na vipande vya sponji kuukuu la chujio. Ndipo nikarudisha mchanga: nyuma ya ukuta sentimita 8, na vidonge vipya, mbele sentimita 5, na magamba yote. Wachimbe wanavyotaka, ukuta hausogei. Na hawauruki! Multi akiwa mbali na gamba lake ni mwoga, bustani ya nyuma hataki hata kuikaribia.

Vallisneria imeshatoa machipukizi ya pembeni. Majani ya zamani yana ukoko mweupe, mkwaruzo kama msasa, na wala siyo ugonjwa. Kaboni dioksidi ikiisha majini, vallisneria inajichukulia kaboni kwenye bikaboneti, na kalisi kaboneti inaganda juu ya jani. Ndiyo sababu jioni pH yangu inasoma 8.7. Kuna watakaosema niweke mtungi wa CO2. Sitaki. Nilichagua mmea unaojitafutia.

Hiyo 8.7 ina upande mwingine. Kwenye pH 7 sehemu ya amonia (inayotokana na taka za samaki na mabaki ya chakula) iliyo sumu haifiki asilimia 1, kwenye 8.5 ni kama asilimia 15. Kwa hiyo chakula kidogo, na ikizidi ni juu yangu.

Nilipanga leo nibadilishe taa na kuweka taima. Sijagusa. Jana jioni nimeona vitoto kwenye mdomo wa gamba la kushoto, na kule kulia kuna vingine, na nikaanza kuhesabu lita. Ukoo huu utajaza tangi. Sasa nawaza Altolamprologus compressiceps wa aina ya Sumbu, yule mdogo wa kusini mwa ziwa anayeingia kwenye magamba pia. Anakua polepole mno, anakula vitoto, wakubwa hawawezi. Mmoja tu, awe mpunguzaji. Najua lita 64 zinabana. Nimeshauliza bei.