Zege la asubuhi kwa frampeni moja, na huo ushauri wa maziwa muuache

Mtaani kwetu Tabata muuza chipsi anawasha karai saa tisa mchana, na siku akiamka vibaya ni saa kumi na moja. Kwa hiyo asubuhi ukitaka zege, yaani chipsi mayai, huna pa kulipata, utakuta supu, chapati, vitumbua, mihogo, basi. Na wanangu Jumamosi wakiamka hawataki uji wala mkate, wanataka chipsi mayai, tena wanataka sasa hivi. Siku hizi nawapikia mwenyewe ndani ya frampeni moja, mafuta vijiko vinne vitano tu, na nasema bila aibu langu linamzidi yule jamaa wa kona. Nilimpelekea kipande akala chote, akauliza nimeweka nini, nikamwambia viazi na mayai, akacheka akaondoka anajua namficha.

Ila kabla ya kufika hapa nimelishwa ushauri jamani! Kuna aliyesema lazima nikaange chipsi kwanza kwenye mafuta mengi ndo nije kwenye mayai, sasa lita nzima ya mafuta kwa ajili ya chai ya asubuhi si bora nifungue kibanda kabisa? Mwingine akasema baking pauda. Lakini bingwa wao ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuja kukaa kwetu likizo na simu yake imejaa video za mapishi. "Shemeji wewe unajitesa, mwaga viazi vibichi humo humo, moto juu, mayai piga na maziwa yavimbe, dakika kumi watu wanakula." Nikamwambia haya dada, jiko hilo hapo.

Akakata viazi vinene, akavitupia kwenye frampeni ambayo hata haijapata moto. Wanga ukatoka, viazi vikagandana, vikashika chini, ukichokonoa kimoja vinakuja vinne. Nje vikawa vyeusi, ukibonyeza ndani unasikia kwaru, kibichi kabisa. Mimi kimya, nakunywa chai. Kisha akaleta jagi lake, mayai matano na maziwa kikombe kizima, ndugu zangu KIKOMBE KIZIMA, akamimina. Tukasubiri livimbe. Halikuvimba, maji yakajitenga pembeni yakawa yanachemka, mayai yakakatika vipande vipande na viazi vinaogelea katikati. Akaona dawa ni kugeuza kwa kurusha juu, alivyoona kwenye simu. Nusu ikarudi kwenye frampeni, nusu ikaenda kwenye jiko na nyingine kwenye kanga ya dada yake, ambaye ndo alikuwa anaingia. Mtoto wetu wa mwisho akaangalia sahani yake akauliza, "Baba, huu ni mchuzi?" Shemeji akasema tatizo ni frampeni yetu.

Frampeni haina tatizo. Tatizo ni kwamba kiazi na yai haviivi kwa mwendo mmoja. Yai linataka dakika chache na moto wa upole, kiazi kibichi kinataka muda mrefu, sasa ukivifungia chumba kimoja kwa wakati mmoja lazima mmoja aumie. Kwa hiyo viazi vinachemshwa jana yake, na maganda yake, nikiwa napika cha usiku, na siviachi mpaka vipasuke, kisu kikiingia kwa kukaza kidogo natoa. Namwaga maji, naviacha wazi vitoe mvuke, nikiisha kula naviweka kwenye friji hivyo hivyo. Asubuhi vimekazana, unamenya kwa vidole na unakata vipande vidogo vya kutosha mdomoni bila kuvunjika hata kimoja. Ukichemsha asubuhi hiyo hiyo ukakata vya moto vinasambaratika, hapo utakula viazi vya kuponda vyenye mayai. (Vibichi usiviweke friji lakini, wanga unageuka sukari, ukivikaanga vinawahi kuwa vyeusi kabla ya wakati. Na kiazi chenye rangi ya kijani kiache sokoni, ile sumu yake haitoki kwa kuchemsha, asikudanganye mtu.)

Familia ya watu watano natumia viazi sita vya wastani na mayai sita, kitunguu kikubwa kimoja, hoho nusu. Gharama sijawahi kukaa kupiga hesabu, ni elfu tano na ushee hivi, mayai yakipanda bei inapanda nayo, lakini zege za kununua kwa watu watano unajua mwenyewe utaacha shingapi pale.

Frampeni ipate moto kwanza ikiwa kavu, ndo mafuta. Mimi natumia alizeti. Kama ni yale ya kukamua kutoka Singida yanatoa povu na harufu mwanzoni, subiri povu litulie. Viazi vikiingia vilale safu moja, halafu USIVIGUSE. Watu wa nyumbani kwangu wana ugonjwa wa mwiko, kila sekunde wanakoroga. Acha. Kiazi kikishika rangi kinajiachia chenyewe, tikisa frampeni, vikicheza geuza, visipocheza endelea na chai yako. Kitunguu na hoho nakuja kuviweka viazi vikiwa tayari vimepata rangi, maana kitunguu ukikianza mapema kinaungua na uchungu unaingia kila mahali. Nyanya haiingii humo kabisa, ina maji, nyanya kazi yake ni kachumbari.

Mayai pasua moja moja kwenye kikombe kwanza, joto hili la Dar likitokea moja viza ukalipasua juu ya matano mazima utalia. Chumvi, pilipili manga kidogo, maziwa hapana! Piga, mimina, punguza moto mpaka ule mdogo kabisa, na kwa dakika ya kwanza sukuma kingo kidogo yale mabichi yashuke chini. Kisha funika.

Sasa kugeuza, hapa ndo najivunia. Wahispania zege lao la viazi na mayai wanaligeuza kwa sahani, nilijaribu, sahani zetu zina kingo zimeinuka na katikati zimezama, zege linakunja mgongo. Siku moja naosha vyombo nikashika mfuniko wa sufuria, ile mifuniko yetu ya aluminiamu isiyo na kishikio, iko bapa kabisa na ina kaukingo kadogo pembeni. Nikasema hee, hiki chombo kimekaa kabatini miaka yote kinanisubiri. Chagua uliozidi frampeni kidogo, upake mafuta. Zege likiwa limeshika chini na juu bado linatetemeka, tikisa uhakikishe linateleza, mafuta yaliyobaki yachuruzishe kwenye bakuli (usiruke hii, yatakushukia kwenye kiganja wakati unageuza), halafu inamisha frampeni ULITELEZESHE zege kwenye mfuniko. Hujageuza bado, umelihamisha tu. Limekaa pale kwa adabu, upande mbichi juu. Sasa ifunike frampeni juu yake, shika vyote viwili kwa tambara nene, pindua mara moja bila kusitasita, rudisha jikoni dakika mbili. Wengi wanaharibu kwa sababu wanataka kupindua frampeni yenyewe ikiwa imejaa na nzito, mkono unatetemeka, ndo hayo ya kwenye kanga.

Mwenye jiko la mkaa hata hayo hayakuhusu. Funika mfuniko huo huo, punguza moto wa chini, palia makaa juu yake kama unavyopalia wali au mkate wa kumimina, juu panaiva penyewe na panapata rangi nzuri kuliko hata kugeuza. Nilikuwa nalifanya zamani tukiwa na jiko la mkaa, gesi imetupunguzia hiyo raha.

Mwenye gesi ya mtungi mdogo lile jiko lake la juu moto unapiga katikati tu, kwa hiyo zungusha frampeni kila baada ya muda la sivyo katikati panaungua na pembeni pabichi. Frampeni ya chuma usiisugue na steelwire, maji ya moto na tambara, kausha jikoni, paka mafuta. Kachumbari iwe na ndimu ya kutosha. Tomato sosi sipingi lakini watoto wakiimwaga juu kabla hata ya kuonja naumia kidogo, sitadanganya.

Kinachobaki, kama kinabaki, kata kipande kizungushie chapati, mke wangu anabeba kazini.

Shemeji alirudi kwao, juzi kapiga simu anaomba nimtumie picha ya mfuniko. Nikamtumia. Akajibu, "Shemeji, na maziwa unaweka kiasi gani?"