Siku Moja na Barua ya Mwaka 1499

Saa 12 asubuhi. Kabla ya kwenda chuoni napitia tena tafsiri ya barua ambayo Girolamo Sernigi, mfanyabiashara wa Florence aliyeishi Lisbon, aliwaandikia wenzake Julai 1499. Meli ya Nicolau Coelho, nahodha katika msafara wa kwanza wa Vasco da Gama kwenda India, ilikuwa imetia nanga Ureno tarehe 10 mwezi huo, Vasco da Gama mwenyewe angali njiani, na tayari habari za Calicut, bandari ya India, za viungo na za bandari za pwani yetu zilikuwa zikielekea Italia.

Saa 3. Mhadhara wa mwaka wa pili. Wanafunzi wengi huja wakiamini kwamba mitambo ya uchapaji ndiyo iliyosambaza kila habari, na kwa Columbus wana haki: barua yake ya Februari 1493 ilichapwa Barcelona na Roma mwaka huohuo. Habari za Ureno, hata hivyo, zilianza kuenea kwa barua zilizonakiliwa kwa mkono, kwa sababu waliozihitaji kwanza walikuwa watu wenye mitaji. Barua ya Sernigi ilichapwa Vicenza mwaka 1507 tu, ndani ya mkusanyo wa safari uliotafsiriwa kwa Kilatini na Kijerumani mwaka uliofuata.

Saa 5. Binti mmoja anauliza kuhusu wageni weupe wenye nywele ndefu kama za Wajerumani, ambao Sernigi anasema walifika Calicut miaka kama 80 kabla. Tunapiga hesabu ubaoni na kufika enzi za merikebu za Wachina chini ya Zheng He. Sernigi aliwaita Wakristo, kama alivyowaita wenyeji wa Calicut, kwa kuwa mabaharia waliona mahekalu wakadhani ni makanisa. Baadaye, alipozungumza na Gaspar da Gama aliyeijua India, aliandika barua nyingine ya kusahihisha. Kwangu hili ndilo kiini cha somo zima: habari ilibeba macho ya aliyeileta.

Mchana ni wa kusahihisha insha.

Saa 11 jioni. Namsoma Balthasar Springer, wakala wa kampuni ya Welser ya Augsburg, aliyekuwa katika msafara wa Mreno Francisco de Almeida ulioteka Kilwa na Mombasa mwaka 1505, na ambaye masimulizi yake yalichapwa kwa Kijerumani mwaka 1509. Inaniuma kwamba wasomaji wa Augsburg waliijua Kilwa kupitia mtu aliyekuja na wavamizi.

Saa 2 usiku. Naandaa kurasa za João de Barros, mwanahistoria wa Kireno, ambaye mwaka 1552 alichapisha Lisbon muhtasari wa tarihi ya wafalme wa Kilwa. Wiki ijayo wanafunzi watazisoma sambamba na Springer.