Siku moja maishani mwangu: nafundisha watoto wanaoongea Kirusi kusikiliza Kiingereza, niko Tabata

Nikimwambia mtu kazi yangu ni kuwafundisha watoto wanaoongea Kirusi kusikiliza na kusoma Kiingereza, na kwamba naifanyia hapa hapa Tabata chumbani kwangu, swali la kwanza ni "yani unalipwa kwa kuwawekea sauti wasikilize?" na la pili ni "kwani kwao hawana walimu?" Walimu wanao, tena wazuri. Na kuweka sauti ndo sehemu ndogo kabisa ya kazi. Nimeamua kuandika siku yangu ya jana nzima, Jumatano, ili hata mama yangu mdogo anayeniambia kila siku nitafute kazi ya kutoka nyumbani aone ninachofanya.

Kirusi nilijifunzia Voronezh, Urusi, nikiwa chuo, mwaka wa kwanza ni lugha tu kabla hujaingia masomo yenyewe. Ndo maana kituo ninachokifundishia kwa mtandao kilinichukua, kiko Almaty, Kazakhstan, na wanafunzi wake wametawanyika Urusi yote na Kazakhstan. Wengine wana asili ya Kirusi, wengine Kikazakh, wengine Kitatari, ila nyumbani wote wanaongea Kirusi. Pesa inapitia kituoni kwasababu tangu Visa na Mastercard walivyositisha shughuli zao Urusi Machi 2022, kadi za kule hazifanyi kazi nje, mzazi wa Urusi hawezi kunilipa moja kwa moja.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Naamka muda huo kwasababu hapo mtaa umetulia, hamna bodaboda wala spika ya jirani, naweza kuandaa sauti. Hii ndo sehemu ambayo hamna mtu anaiona. Natafuta mahojiano au maongezi ya kawaida, nakata kipande cha dakika moja na nusu hivi, naandika kila neno linalosemwa, hadi "mm" na "well" zake, alafu ndo natunga maswali. Na swali la kusikiliza kulitunga ni kazi, maana likiwa na neno lile lile lililoko kwenye sauti mtoto atadaka neno tu na kuandika jibu bila kuelewa kitu. Kwahiyo kwenye sauti jamaa anataja treni, anaeleza kwamba treni ilimuacha akaishia kupanda basi, na kwenye majibu naweka treni, basi na gari. Anayedaka maneno anaandika treni. Aliyesikiliza anaandika basi. Kipande cha dakika moja na nusu kinaweza kunimaliza asubuhi nzima, na kwenye kipindi tunakimaliza ndani ya robo saa.

Chai, maandazi mawili, naoga, naangalia bando, nachaji kila kinachochajika.

Saa tatu asubuhi

Hapa inabidi niwaeleze saa zetu. Moscow na Dar saa zetu ni sawa, hatupishani hata dakika, mwaka mzima, maana Urusi waliacha kuchezea saa tangu Oktoba 2014. Ila Urusi ni ndefu. Vladivostok wametutangulia saa saba, kwahiyo mi nikianza saa tatu asubuhi wao ni saa kumi jioni, watoto washatoka shule na kula. Siku yangu inaenda kwa kufuata jua hivo, naanza mashariki kabisa, usiku namalizia Kaliningrad ambako wako nyuma yetu saa moja.

Vladivostok nina watoto wa darasa la nne. Kwao lugha ya kigeni inaanza darasa la pili kwahiyo msingi wanao, wanajua rangi, wanyama, nyumba. Mwalimu kule hawamuiti "mwalimu" wala "madamu," wanamuita jina lake na jina la baba, na mimi baba yangu ni Ali, basi ni Rehema Alievna, na linawatoka kirahisi maana hilo jina la baba lipo kwao siku zote kwa sababu ya Waislamu wa kule. Mi nasoma kwa Kiingereza, wao wanachora. Paka mweusi chini ya meza, mpira juu ya kiti, mvulana amesimama nyuma ya mlango. Mchoro haudanganyi, aliyechora paka juu ya meza nishajua nini hakukisikia. Nawapenda hawa, kipindi chao kinapita sijakijua.

Saa saba mchana

Novosibirsk, darasa la tisa, kule ni saa kumi na moja jioni. Hawa wana mtihani wa kumaliza la tisa unaitwa OGE, na wanaochagua Kiingereza wanapewa dakika 30 za kusikiliza, 30 za kusoma, 30 za sarufi na 30 za kuandika, mazungumzo yanafanywa peke yake. Shida yao kubwa iko mwisho wa maneno. Kirusi konsonanti nzito kama b, d, g ikiwa mwishoni inatamkwa nyepesi, p, t, k, kwahiyo sikio lao halijazoea kutofautisha "bag" na "back," "bed" na "bet." Wanasikia kitu kimoja. Alafu kuna "ship" na "sheep" ambayo hata sisi Waswahili inatusumbua kwakuwa i yetu ni moja, na hapo huwa nawaambia wazi, nami nililifundisha sikio langu ukubwani, fanyeni kama nilivyofanya mimi. Ila "th" na "dh" tunazo, thelathini, dhahabu, kwahiyo hizo nawatamkia zimenyooka.

Kuna kitu nimekigundua mwenyewe kwenye hii kazi na nakitumia kila wiki. Watoto wa Kirusi wanalalamika Waingereza wanameza maneno. Nawauliza, nyie mnaandikaje jina la mji mkuu wenu? Wanaandika kwa o. Mnalitamkaje? "Maskva," kwa a, na Vladivostok yenyewe ukiisema haraka vokali zisizo na mkazo zinafifia zote. Nawaambia basi nanyi mnameza, na sikio lenu linajua kabisa kutafuta silabi yenye mkazo na kuyakisia mengine, hilo hilo lifanyeni kwenye Kiingereza. Jana dada mmoja wa la tisa aliposikia hivyo akarudia ile sauti akapata sentensi nzima ambayo mwanzo alisema ni kelele tupu. Mi nafanya kazi hii kwa ajili ya dakika kama hiyo.

Saa tisa alasiri

Binti wa Almaty, anajiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, kusikiliza maswali 40 na sauti inapigwa mara moja tu, ikipita imepita. Tulifanya sehemu ya kusoma, aya ndefu kuhusu nyuki, akamaliza ndani ya muda. Safi.

Baada ya hapo umeme ukakatika

Saa kumi na robo. Nilikuwa sijala toka yale maandazi. Ruta ina betri yake, laptopu inakaa masaa matatu kama betri haijazeeka, na yangu imezeeka. Feni ndo hivyo tena. Nikafungua madirisha, joto likaingia pamoja na jenereta la dukani, nikafunga. Mdogo wangu Idi akaniletea chipsi mayai nikala nimesimama huku nahesabu: chaji asilimia 71, kipindi cha saa kumi na mbili ni saa moja na nusu, kile cha saa mbili usiku ni saa moja. Nikazima kila kitu nikakaa kwenye joto nisubiri, kichwa kinauma, masikio yanauma, maana hedifoni masaa yote hayo zinabana.

Saa kumi na mbili jioni

Hapa sasa. Kijana wa darasa la kumi na moja, mji wa Yaroslavl, anajiandaa na EGE, ule mtihani wa taifa ambao tangu 2009 ndo unatumika nchi nzima kumaliza shule na kuingia chuo. Kiingereza sehemu ya maandishi, yaani yote isipokuwa mazungumzo, ni masaa 3 na dakika 10, ndani yake kusikiliza ni dakika 30, na sauti wanapigiwa mara mbili. Kuna swali wanapewa sentensi saba, na kila moja useme ni kweli, si kweli, au haijasemwa. Kijana ni mpole, anajituma, ila mama yake anakaa naye mezani kila kipindi. Anakaa pembeni kamera haimuoni, lakini mi nasikia pumzi yake na kiti chake.

Sauti ya jana ilikuwa mwanaume anamuelezea dada yake. Dada ni nesi, yuko hospitali ile ile mwaka wa sita, anaenda kazini kwa miguu, nyumba yake iko jirani. Sentensi ya nne: dada anaipenda kazi yake. Kijana akaandika haijasemwa. Vizuri kabisa. Kabla sijamsifu nikasikia sauti ya mama, kwa Kirusi, "Andika kweli." Kijana akafuta, akaandika kweli.

Nikamwita mama kwa jina lake na la baba yake kama heshima yao inavyotaka, nikamuomba amuache ajibu mwenyewe. Akaingia kwenye kamera. Akasema, Rehema Alievna, mtu amekaa kazi moja miaka sita, anaenda kwa miguu hata wakati wa baridi, asingekuwa anaipenda si angeshaacha? Nikamwambia inawezekana anaipenda kweli, ila huyu kaka yake hajasema. Akasema "lakini inaeleweka." Nikamwambia wako watu wanakaa kazini miaka mingi kwasababu ya kodi ya nyumba, kwasababu ya watoto, na mtihani hauulizi sisi tunaonaje, unauliza yule anayeongea kasema nini. Akasema nipige tena. Nikapiga. Akasema umeona, kasema miaka sita. Nikapiga mara ya tatu, chaji 48, nikamuomba ataje sekunde ambayo kaka amegusia kupenda au kufurahia au chochote kinachofanana na hicho. Akanyamaza, alafu akasema tatizo ni kwamba mtihani utakuwa na Waingereza wanaoongea na mwanae anamsikiliza Mwafrika, atazoea lafudhi isiyo yenyewe.

Mi maneno hayo nimeshayasikia sana na hayajawahi kuzoeleka. Sauti zote ninazompa mwanae ni za watu wa Uingereza, Marekani, Australia na kwingineko, nimezitafuta mimi, nimeziandika mimi neno kwa neno alfajiri watu wamelala. Nikamwambia hivo hivo kwa Kirusi, polepole, bila kupandisha sauti. Nikamwambia pia kwamba mtu aliyezaliwa na Kiingereza hajawahi kukisikia kikiwa kelele, ila mi nimewahi, na Kirusi chake nilikisikia kikiwa kelele, nilisimama kituo cha basi Voronezh kwenye theluji nasubiri tangazo nisijue ni basi langu au la, kwahiyo najua mwanae amekwama wapi na anatokaje.

Hakujibu. Ila kijana ndo aliongea, kipindi kizima alikuwa ameinamisha kichwa. Akamwambia mama yake, taratibu, kwamba sentensi ya kwanza na ya tano majibu yako wazi, lakini hii ya nne ukiitafuta kwenye sauti haipo, na kama haipo haiwezi kuwa kweli wala si kweli. Alieleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi. Akafuta, akarudisha haijasemwa. Mama akaondoka kwenye kamera lakini kiti hakikusogea.

Tukabakiwa na dakika ishirini za kusoma, lile swali la matini saba na vichwa vya habari nane, kimoja kinabaki. Huwa namwambia asianze kwa kutafuta neno lililoko kwenye kichwa, asome matini kwanza, aiseme kwa sentensi yake moja kwa Kirusi au Kiingereza, ndo aende kwenye vichwa. Alikosea kimoja. Mama hakuongea tena.

Usiku

Umeme ulirudi karibu na saa mbili, chaji ikiwa 19, nikawafundisha mapacha wa Kaliningrad bila hata kukumbuka walichofanya, najua tu walisoma ratiba ya jumba la makumbusho wakajibu maswali na walifurahi.

Saa nne kasoro mratibu wa kituo akanitumia ujumbe. Mzazi wa Yaroslavl ameomba mwalimu Mwingereza. Mratibu ananiheshimu, aliuliza tu naonaje, ila alitaka ripoti ya maandishi kuhusu kijana. Nilikuwa nimeshavua hedifoni na macho yananiwasha. Nikakaa tena nikaandika. Kwamba alipoanza alikuwa anajibu kwa kudaka maneno na sasa anasubiri sentensi iishe. Kwamba sasa anasikia "is not" na "was not," hata zikisemwa kwa kufupishwa, na hizo ndo zilikuwa zinamuangusha. Kwamba bado namba zinamponyoka, 13 na 30, 15 na 50, na tunazifanyia kazi kila kipindi. Kwamba leo amelitetea jibu lake la "haijasemwa" mbele ya mtu mzima kwa kutumia sauti yenyewe kama ushahidi, na nikaambatanisha dakika ya kipindi ambapo amefanya hivyo, kituo kinarekodi vipindi vyote, wasikilize wenyewe. Nikaandika kwamba nataka kuendelea naye mpaka mtihani wa mwezi wa sita, na kwamba mzazi akae chumba kingine.

Mratibu akajibu saa tano na dakika chache: ameisikiliza, ataongea na mzazi kesho, kipindi cha Ijumaa kibaki palepale saa kumi na mbili. Nikaweka kengele ya saa kumi na moja na nusu. Sauti ya Ijumaa sijaiandaa bado, nataka mahojiano yenye bei na tarehe nyingi, na mtu anayeongea haraka.