Maneno niliyompa mdogo wangu

Kibirizi, Kigoma, Jumapili usiku

Mbalamwezi imekwisha, giza limerudi, na wavuvi wa dagaa wameingia tena ziwani. Jioni niliwaona wakipakia betri na taa, wakiitana kwa sauti kama siku zote. Mdogo wangu alifunga dirisha la upande wa ziwa kabla taa ya kwanza haijawaka. Arobaini imepita juzi.

Shemeji alitoka jioni na wenzake watatu. Upepo wa kusini ukawakuta katikati ya usiku, mtumbwi ukapinduka. Wale watatu waliokolewa alfajiri wakiwa wameung'ang'ania. Yeye alipatikana siku ya tatu, kaskazini, upande wa Gombe. Siku hizo tatu sitaziandika.

Ninachotaka kuandika ni usiku uliofuata mazishi. Wageni wengi walikuwa wameshalala, wanaume wanaota moto nje, sisi tuko ndani kwenye mkeka. Nikamshika mkono mdogo wangu nikamwambia, "Vumilia, mdogo wangu. Ni mapenzi ya Mungu."

Sentensi hii nimeisema misibani mara nyingi mno, inatoka yenyewe kama pole. Alinyanyua uso akaniangalia, wala hakuwa na hasira. "Dada, kwa hiyo Mungu ndiye aliyetaka afe?"

Mwaka wa kumi na moja huu nafundisha watoto wa komunyo ya kwanza parokiani. Nilikosa la kumjibu. Nikamfunika kanga, nikakaa kimya hadi majogoo.

Niliporudi kwangu nilifungua Ayubu, maana nilitaka kumpelekea jibu. Nilikuwa nimeukumbuka ule mstari wetu wa makaburini, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Nikausoma mahali ulipo, sura ya kwanza, na nikaona jambo nililolipita miaka yote: anayeusema ni Ayubu mwenyewe. Yeye ndiye aliyefiwa na watoto kumi. Hakuna jirani aliyekwenda kumwambia. Rafiki zake watatu walipofika walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Hizo siku saba ndizo walizomfaa. Waliharibu walipoanza kufafanua: Mungu hakosei, basi lazima wewe umekosa. Wanasema hivyo sura baada ya sura, na maneno yao ukiyatoa pale ukayasoma peke yake yanafanana kabisa na mahubiri mazuri. Lakini ukifika sura ya 42 Mungu anawakasirikia wao, watetezi wake. Anasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu. Ayubu yule yule aliyelaani siku aliyozaliwa na kumtaka Mungu aje wasikilizane kama mbele ya hakimu.

Kwa hiyo nilimnyang'anya mdogo wangu neno ambalo lilikuwa lake. Kama siku moja atataka kusema Bwana ametwaa, atasema mwenyewe. Mimi sikuzamishiwa mume.

Halafu swali lake likabaki palepale, kwa sababu lilikuwa swali la kweli, na nisingependa kulikimbia kwa kusema tu "tukae kimya". Je, Mungu alitaka?

Jibu nililonalo nimelipata mahali ambapo napita kila siku. Katika Baba Yetu tunasali utakalo lifanyike duniani kama mbinguni. Tunaliomba hilo. Mtu haombi kitu ambacho tayari kipo mkononi. Kama kila linalotokea Kibirizi lingekuwa mapenzi ya Mungu yametimia, Yesu asingetufundisha kuyaombea. Angetufundisha kushukuru tu. Sala hiyo fupi inakiri kwamba kuna pengo kati ya anachokitaka Baba na tunachokiona huku chini. Wanateolojia wetu wanatenganisha kutaka na kuruhusu, na kuna watu wanaona ni ujanja wa maneno. Zamani nilikuwa nawaelewa hao. Sasa naona kwamba tofauti hiyo ndiyo inayoniwezesha kusali bila kumwogopa ninayemsali. Mungu ambaye alimtaka shemeji ndani ya maji yale, sijui ningemwambia nini.

Kwa nini anaruhusu, hapo ndipo pagumu. Kuna upande mmoja ambao naweza kuueleza kidogo. Mwaka 2015, Warundi walipokuwa wakikimbia machafuko ya kwao, makumi ya maelfu walijazana Kagunga, kwenye ukanda mwembamba wa ufukwe kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikawaingilia. Meli ya MV Liemba ilikuwa ikiwaleta Kigoma mjini, wanapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yanawapeleka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Jumuiya yetu ilikwenda kupika uji. Mama mmoja alipokea kikombe akakishika bila kunywa, mgongoni hana mtoto lakini mbeleko amejifunga. Sikuhitaji kuuliza. Maovu ya namna ile yana mikono ya watu, yana maamuzi ya watu, kama yalivyokuwa na mikono ya watu yale ya misafara ya watumwa iliyotoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Mungu aliyetupa hiari hakutupa hiari ya kutenda mema peke yake, maana hiyo isingekuwa hiari, na upendo usingewezekana. Naliamini hilo. Ila sikulisema pale uwanjani, na nashukuru sikulisema.

Upepo lakini hauna hiari. Upepo haukumchukia shemeji.

Hapa nimesumbuka zaidi. Mtu anayefahamu mambo ya ziwa aliwahi kunieleza kwamba upepo huo wa kusini, unaovuma miezi ya kiangazi, Mei hadi Septemba, ndio unaosukuma maji ya juu ili maji ya chini yenye rutuba yapande. Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470. Bila kukorogwa hivyo, chakula kingebaki kilindini, na vijidudu wanavyokula dagaa visingestawi. Kumbe upepo uliompindua ndio uliomlisha, na kutulisha sote, na kumsomesha mpwa wangu. Kuna Wakristo wanaojibu kwa njia hiyo: dunia yenye utaratibu wa kutegemewa, ambamo moto huivisha na maji hubeba chombo, ni dunia hiyo hiyo ambamo moto huunguza na maji huzamisha. Mungu angesimamisha upepo kila mtumbwi unapoyumba, pasingekuwa na upepo. Nadhani wanasema kweli. Nimejaribu kumwazia mdogo wangu akilisikia hilo, na nimeona ni kweli ya kuwekwa akiba. Mtakatifu Paulo anasema viumbe vyote vinaugua pamoja, kama mwenye utungu wa kuzaa. Viumbe vyote, pamoja na ziwa. Hilo naweza kumwambia, kwa sababu aliyezaa anaujua utungu, na anajua haukuwekwa pale kwa ajili ya kumwadhibu.

Maana kuadhibiwa ndiko kulikoanza kunong'onwa. Siku ya nne ya matanga nilisikia jikoni, wanawake wanachambua mchele, kwamba marehemu alikuwa ametumia dawa ya kuvutia samaki, na dawa huwa inadai. Wengine wakasema hapana, ni kwa sababu hakuonekana kanisani. Nikaweka ungo chini. Wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya kipofu, nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, naye akawakatalia: huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake. Na alipotaja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu, aliuliza kama tunadhani walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu, akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Akawageuzia wasikilizaji: tubuni ninyi. Niliyasema hayo pale jikoni, sauti ikitetemeka. Hakuna aliyenijibu, lakini minong'ono ilikoma, walau nilipokuwepo.

Ukutani kwa mdogo wangu umetundikwa wavu ambao shemeji alikuwa anaushona. Sindano ya mti bado imechomekwa, uzi umezungushwa mara tatu, na chini yake kuna tundu linaloingia kiganja. Hataki mtu auguse. Kila nikikaa chumbani mle macho yangu yanakwenda pale, na ndipo nilipomwelewa Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini, mzaliwa wa nchi inayoitwa leo Algeria, mwaka 354. Alifundisha kwamba ubaya si kitu ambacho Mungu alikiumba kikawekwa pembeni ya vitu vingine. Ni upungufu wa wema mahali ambapo wema ulipaswa kuwapo. Tundu la wavu halijafumwa na mtu. Huwezi kulikata ukaenda nalo nyumbani. Lakini samaki wote wanapita hapo.

Na huyo huyo mwenye akili kubwa namna hiyo, mama yake Monika alipofariki mwaka 387, alijizuia kulia mbele za watu, akaona kulia si heshima kwa muumini. Baadaye akashindwa, akalia peke yake mbele ya Mungu, na mwenyewe aliandika hivyo bila kuficha. Jambo hilo ninalipenda kuliko fundisho lake la ubaya. Hata Bwana Yesu, akijua kabisa kwamba baada ya muda mfupi Lazaro atatoka kaburini, alilia kwanza. Martha na Mariamu wote wawili walimwambia neno lile lile, kama ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa. Hakumkemea yeyote.

Liko swali jingine, na hilo liliulizwa siku ya kuanua tanga. Amekwenda wapi? Shemeji hakuwa amebatizwa. Alianza ukatekumeni, yaani mafundisho ya kujiandaa kwa ubatizo, mara mbili, na mara mbili dagaa walipochanganya aliacha. Jirani mmoja wa kanisa jingine, mama mwema ambaye alilala pale msibani usiku wote na kutuletea maharage, alimwambia mdogo wangu kwa huruma kabisa kwamba asiyempokea Yesu kwa kinywa chake amepotea, kwa hiyo wajitahidi walio hai. Sitamsema vibaya. Anaiogopa hatari ambayo mimi pia naiamini kuwa ipo, na kwamba hakuna wokovu katika mwingine awaye yote tunakubaliana neno kwa neno.

Ila wokovu ni kazi ya Kristo, na sisi hatukuwepo ndani ya maji yale. Kati ya mtumbwi kupinduka na mtu kuzama kuna muda. Mnyang'anyi msalabani hakubatizwa, hakurudisha alichoiba, hakuwahi kuhudhuria fundisho hata moja. Alisema sentensi moja na akajibiwa leo hivi. Mwaka 392 Kaisari Valentiniano wa Pili wa Roma alikufa kabla ya kubatizwa, na dada zake walikuwa wakiumia kwa hilo hilo. Ambrosi askofu wa Milano, ambaye ndiye aliyembatiza Augustino, alihubiri kwenye msiba huo akawafariji kwamba aliyeuomba ubatizo hakunyimwa neema yake. Kanisa limelishika fundisho hilo kwa wakatekumeni wanaokufa njiani. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1964, ulisema kwamba hata wasioijua Injili bila kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, wanaweza kuupata wokovu.

Nilimweleza mdogo wangu haya yote, polepole, kwa sababu safari hii aliniuliza yeye na alitaka kujua. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Usiku mwingine akitoka alikuwa anajiandika msalaba. Alidhani simwoni." Nikamwambia na Mungu alimwona. Hilo nililisema bila woga.

Leo, dirisha likiwa limefungwa, aliniomba nimsomee. Nikauliza Zaburi? Akasema hapana, ile ya chombo. Nikafungua Marko sura ya nne. Mpwa wangu alikuwa amejilaza mapajani kwa mama yake, na niliposoma kwamba Yesu alikuwa katika shetri, amelala juu ya mto, akanyanyua kichwa: "Mama mkubwa, mto gani, Malagarasi?" Mama yake akacheka kidogo. Sijamsikia akicheka tangu siku ile. Akampapasa, akamwambia ni mto wa kulalia, na shetri ni kule nyuma, alikokuwa anakaa baba.

Nikaendelea. Mawimbi yakaingia chomboni, wakamwamsha, wakamwambia, Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?

"Ishia hapo, dada."

Nikanyanyua macho. Mstari unaofuata, ule wa upepo kukoma, ulikuwa chini ya kidole changu.

"Hapo hapo," akasema. "Rudia hapo."

Nikarudia.