Siku moja maishani mwangu: dalali wa bima mjini Morogoro

Saa 12:00 asubuhi

Chai haijachemka, nimeshafungua orodha ya bima zinazoisha wiki hii. Leo kuna Noah ya mama mmoja wa Kihonda, duka la vifaa vya ujenzi la Msamvu na pikipiki mbili za Mazimbu. Ujumbe ninaomtumia yule mama ni huu: "Shikamoo mama. Bima ya Noah yako inaisha Jumapili usiku. Ukilipia Jumatano, kinga inaanza Jumatano, na likitokea jambo Jumatatu halimo. Nikupigie saa ngapi tuongee? Nataka kujua kama gari bado linatumika kama mwaka jana."

Swali la mwisho ndilo ninalolitaka hasa. Mtu akipewa bei tu, atalipa ileile ya mwaka jana na kurudi kwenye shughuli zake, kumbe mambo yamebadilika. Wazee siwaandikii kabisa, nawapigia. Na nakumbusha tangu mwezi mmoja kabla, kwa sababu Sheria ya Bima ya 2009 inataka ada ilipwe kwanza ndipo kinga ianze. Bima ya kukopa hakuna. Ukimstua mtu siku ya mwisho, katikati ya ada za shule na kodi ya nyumba, unamlazimisha kuchagua vibaya.

Saa 2:30 asubuhi

Ofisi yetu ni ndogo, haiko mbali na Soko Kuu la Chifu Kingalu. Wa kwanza kuingia ni kijana wa bodaboda. Ana karatasi mkononi, ameuziwa kijiweni na mtu aliyemwambia ni bima ya mwaka mzima, tena kwa bei poa.

Naingiza namba ya pikipiki yake kwenye TIRA MIS, ule mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ambao mtu yeyote mwenye simu anaweza kuufungua akahakiki bima ya chombo chake. Haitokei. Narudia herufi moja moja, naye akiwa ameinama pembeni yangu anaangalia. Haitokei.

"Kwa hiyo dada, nimekuwa natembea hivihivi?"

"Ulikuwa unatembea hivihivi, mdogo wangu."

Namfundisha kuangalia mwenyewe kwenye simu yake, na namwomba akawaoneshe wenzake kijiweni kabla hata hajanilipa chochote. Kisha namweleza kitu ambacho wauzaji wengi wanakiruka. Hii bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Pikipiki yako ikikunjika, haitengenezwi. Mguu wako ukivunjika, hautibiwi. Kwa wenye magari madogo ya binafsi ni hivyohivyo: bima ndogo inakulinda usifilisike kwa kumuumiza mwingine, basi. Ukitaka gari lako nalo litazamwe, hapo ni bima kubwa. Kijana anafikiri, anachukua bima ndogo na kuongeza kinga ya ajali kwa dereva. Hakuna ofisi ya kumlipa mshahara akiwa amelala na plasta mguuni, na ana mtoto mchanga nyumbani.

Saa 3:40 asubuhi

Mama wa Noah anapiga. Nikimuuliza matumizi, anasema ni gari la familia kama kawaida. Halafu katikati ya maongezi anataja kwamba kijana wake siku hizi "anapakia kidogo" jioni, kutoka Msamvu kuja Kihonda.

Hapo nasimama. "Mama, hiyo ni biashara. Gari limekatiwa bima ya matumizi binafsi. Abiria wanaolipa nauli wakiumia humo ndani, kampuni itauliza walikuwa wanafanya nini, na itakuwa na haki ya kukataa."

Hapendi. Bima ya biashara ni ghali zaidi, tena yule kijana anapakia siku tatu tu kwa wiki. Anasema fulani amemwambia aandike binafsi tu, hakuna atakayejua. Namjibu kwamba siku ya ajali kila mtu atajua, maana abiria wenyewe ndio watakaoandika maelezo polisi. Sitaki kumkatia bima ninayojua itamgeuka. Anasema atazungumza na mwanawe. Naandika kwenye faili: apigiwe kesho saa 4.

Watu wanachanganya dalali na wakala wa bima. Wakala anauza kwa niaba ya kampuni ya bima. Mimi nimesimama upande wa mteja, ingawa kamisheni yangu inalipwa na kampuni. Kwa hiyo nikinyamaza mteja anapokosea fomu, nimekula pesa ya bure.

Saa 4:30 asubuhi, sokoni

Nakwenda kwa mama anayeuza vitenge na mashuka. Tangu soko la Kariakoo lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, wafanyabiashara wa huku nao wameanza kuuliza maswali ambayo zamani hawakuuliza. Anaamini yuko salama kwa sababu amesikia serikali imelazimisha masoko ya umma yawe na bima. Kusikia amesikia vizuri, ulazima huo ulikuja mwaka 2022. Lakini bima ya jengo ni ya mwenye jengo. Vitenge vyake havimo.

"Basi nikatie ya milioni kumi, mwanangu. Najua haiwezi kuungua yote."

Namuuliza mzigo wote una thamani gani. Anatazama rafu, anahesabu kwa midomo, anasema kama milioni 40. Naomba kipande cha boksi nimwandikie kwa kalamu ya wino mzito:

Mzigo: 40,000,000
Umekatia: 10,000,000
Moto umekula: 8,000,000
Unalipwa: 2,000,000

Anakichukua kile kipande, anakisogeza kwenye mwanga. "Mbona hasara ya nane iko ndani ya kumi yangu?" Ndilo swali la kila mtu, na ni swali la haki. Namweleza: umelipia robo ya mzigo, kwa hiyo kila hasara, iwe kubwa iwe ndogo, kampuni inabeba robo yake. Robo tatu umejibebea mwenyewe bila kujua. Na hapo bado hawajakata kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unasema kila mteja atajibebea. Huyu ni mtu anayejua hesabu za biashara kunishinda. Anaelewa mara moja, na anakasirika kwa niaba ya jirani yake wa viatu, ambaye bima aliyo nayo ni ya aina hiyohiyo.

Tunakubaliana aanze na thamani halisi. Kisha naomba daftari la mzigo. Lipo, limeandikwa vizuri, linakaa kwenye droo ya duka. Namwambia duka likiungua litaungua na daftari, na bila daftari atathibitishaje kwamba alikuwa na jora ngapi? Tunapiga picha ukurasa kwa ukurasa, na risiti za Kariakoo, na rafu zote. Picha zinakwenda kwangu na kwa binti yake anayesoma Dodoma. Kila mwisho wa mwezi atatuma mpya. Kwa maoni yangu hilo zoezi la nusu saa lina thamani kuliko vipeperushi vyote vya bima vilivyowahi kugawiwa sokoni.

Jirani wa viatu anaomba nimpitie wiki ijayo.

Saa 6:20 mchana

Dereva wa Canter ya mteja wangu anapiga kutoka Kingolwira, barabara ya Dar es Salaam. Amegonga IST kwa nyuma. Sauti inatetemeka.

"Kuna mtu ameumia?"

"Abiria mmoja, mkono."

"Mpelekeni kwanza. Gari usilisogeze mpaka trafiki wapime, labda wao wenyewe waseme. Piga picha sasa hivi, namba za magari yote mawili, barabara, matairi. Usimwahidi mtu hela. Nakuja."

Nachukua bodaboda. Nikifika, vitunguu vimemwagika pembeni ya lami na watu wameshasogea na ndoo. Dereva amekaa chini kwenye kivuli cha gari. Nampa maji, nakaa naye kidogo kabla sijamuuliza lolote, maana mtu akiwa na hofu anasema maneno ambayo hayakutokea.

Mwenye Canter ananipigia akiwa Dar. Anataka yaishe hapohapo: amtumie mwenye IST laki tatu kwa simu, kila mtu ashike njia yake. Namwelewa, gari likilala ni hasara. Namwomba anisikilize dakika mbili. Mkono wa yule abiria hatujui kama umevunjika. Ukiwa umevunjika, laki tatu haitamaliza kitu, watarudi tena. Na ukishalipa na kukiri kosa bila kampuni ya bima kukubali, umewapa sababu ya kukukatalia madai yote, wakati una bima kubwa uliyoilipia kwa jasho. Anashusha pumzi. "Haya dada, fanya utakavyoona."

Trafiki wanafika, wanapima, wanachora ramani ya eneo. Nahakikisha majeruhi amepata PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na amefikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Naiangalia leseni ya dereva: daraja linalingana na gari, haijaisha muda. Moyo unatulia, maana hapo ndipo madai mengi mazuri yanapofia. Naitaarifu kampuni ya bima papo hapo kwa simu, kisha kwa barua pepe yenye picha, ili saa ya kupokea taarifa ibaki kwenye kumbukumbu.

Vitunguu ni vya mfanyabiashara mwingine na havimo kwenye bima ya gari. Bima ya mzigo safarini inakatwa peke yake. Nampigia mwenye mzigo nimwambie ukweli huo leo, asikae akingoja fidia isiyokuja. Anaumia, lakini anapata nafasi ya kutafuta gari la kuokoa kilichobaki kabla jua halijakiharibu.

Saa 9:00 alasiri

Chakula nimekula nimesimama. Alhamisi mchana ni saa ya kupigia simu kila mteja mwenye madai yanayosubiri, hata kama sina jipya la kumwambia. "Mzee, bado. Mkadiria hasara amepeleka ripoti Jumanne, kampuni haijajibu, nitawauliza tena Jumatatu." Simu kama hiyo ni ya dakika moja. Asipoipata, mteja anakaa nyumbani akiamini ametapeliwa, na ndugu zake wanaapa hawatakata bima maisha yao yote.

Leo kuna moja ngumu. Mwalimu mstaafu, gari lake liliharibika vibaya, ameletewa hati ya kukubali malipo asaini. Kiasi ni kidogo kuliko makadirio ya gereji: kampuni imekata uchakavu kwenye vipuri vyote, hata kazi ya rangi na ufundi. Naufungua mkataba wake, nasoma kipengele polepole mara mbili. Kinaruhusu kukata uchakavu kwenye vipuri. Ufundi hakiutaji. Naiandikia kampuni, nanukuu kipengele, naomba hesabu ifanywe upya.

Kisha nampigia. "Shikamoo mwalimu. Usisaini kwanza. Ukisaini umesema umeridhika, kurudi nyuma ni kazi." Ananiuliza wakikataa itakuwaje. Namwambia ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, mlalamikaji hatozwi kitu, na barua nitamsaidia kuiandika. Anasema atasubiri, ila fundi anamdai. Naahidi kumpigia fundi mwenyewe nimweleze tulipofikia, na nampigia kweli.

Saa 11:00 jioni

Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mpunga wa Dakawa amepita kuuliza bima ya mazao. Tunaongea kwa ufupi, anawahi gari la kurudi. Namsisitizia jambo moja awapelekee wenzake: nyingi ya bima hizi zinalipa kwa kipimo cha eneo zima, kama mvua au mavuno ya wastani. Shamba lako peke yako likiliwa na panya wakati eneo lote limevuna, hulipwi. Wakilielewa hilo kabla ya kuchanga, nitakwenda kuzungumza nao.

Saa 2:10 usiku

Nipo nyumbani, simu inaita tena. Mmiliki wa lori. Dereva wake yuko Tunduma, mpakani na Zambia, na shehena ya Lubumbashi, Kongo. Nataka picha ya Kadi ya Njano, ile bima ya COMESA ya magari yanayovuka mipaka. Inakuja, naikuza: Zambia imo, Kongo haimo. Safari iliyopita mzigo uliishia Ndola, hukohuko Zambia, hakuna aliyefikiria kubadilisha. Bima ya Tanzania ikivuka mpaka haina nguvu, kadi ndiyo inayombeba kule, na inambeba katika nchi zilizoandikwa tu.

"Asivuke usiku huu," namwambia. "Alale Tunduma. Asubuhi saa 2 ukilipia nyongeza, kadi mpya inatoka, na wakala atamkabidhi kabla hajaingia Nakonde, upande wa Zambia. Akifika Kasumbalesa, mpaka wa Kongo, hivi alivyo, atakwama kule, na kule kila siku ya kukaa unailipia."

Anakubali, anaomba nimpigie dereva mwenyewe kwa sababu hatamwamini bosi akisema lala. Nampigia. Naye anauliza hiyo kadi itamsaidiaje akigonga mtu Kongo, na tunaanza kulielezea hilo tangu mwanzo.