Uso wa Mzee

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Wiki hii nilikusudia kuandika juu ya Zaburi ya 23, na nilikuwa nimeshaanza. Nimeiacha. Kuna jambo limenikaa kifuani tangu Jumapili usiku, na nisipolitoa sitakuwa na ujasiri wa kuisogelea Meza ya Bwana mwisho wa mwezi huu.

Mnakumbuka kwaya yetu ya akina mama ilipokwenda kushuti video. Tulichagua pale ufukweni ambapo Liemba inaonekana nyuma yetu, kwa sababu mgeni yeyote akifika Kigoma huiulizia meli ile. Sare mpya, vitenge vya rangi moja, vilemba vimefungwa kwa mtindo mmoja. Kabla kamera haijawashwa, mpiga video alinivuta pembeni akaniuliza kama bibi wa safu ya mbele atabaki palepale. Mnamjua bibi yetu. Kichwa chake hutikisika taratibu, kulia na kushoto, kama mtu anayekataa jambo bila kuchoka.

Yule kijana hakusema aondolewe. Aliuliza tu. Mimi, mwenyekiti wa kwaya, ndiye niliyemwendea nikamwambia, "Bibi, jua ni kali. Kaa hapa kivulini utushikie mikoba." Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, mwanangu," akaenda kukaa juu ya jiwe. Mikoba yetu yote aliipakata, kandambili zetu akazipanga miguuni pake jozi kwa jozi. Kila wimbo ulipoanza nilimwona anaimba nasi kimyakimya, midomo inafuata sauti ya pili. Sauti ya pili hiyo ndiye aliyenifundisha, nikiwa binti ambaye hata kipaimara sijapata.

Sikulala nikijuta siku ile, nawaambia ukweli. Nilifurahi kwamba video imetoka safi.

Jumapili hii binti yangu, aliyekuja likizo kutoka chuo, aliniwekea filamu za zamani zilizokuwa kwenye flashi yake. Alianza na The African Queen ya mwaka 1951, akisema, "Mama, hii inatuhusu sisi wa ziwani." Ni kweli. Hadithi yake imewekwa mwaka 1914 katika nchi yetu, enzi za Mjerumani, ingawa picha zenyewe zilipigwa Kongo na Uganda. Mwanamke mkuu ndani yake ni dada wa mmisionari, na mwanzoni kabisa anaonekana kanisani akipiga kinanda huku waumini wakiimba. Meli ya Kijerumani inayowindwa katika hadithi ile asili yake ni mambo yaliyotokea hapa Ziwa Tanganyika, wakati Liemba bado ikiitwa Graf von Götzen. Mwigizaji ni Katharine Hepburn, Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1907. Aliugua kuhara damu wakati wa kazi ile kule msituni, lakini aliimaliza.

Kisha binti akaweka nyingine, On Golden Pond ya 1981. Ni mwanamke yuleyule, miaka thelathini baadaye, na kichwa chake kinatikisika.

Wapendwa, nilikaa wima. Kilikuwa kinatikisika kama cha bibi, taratibu, hata anapokuwa kimya. Hakuna aliyemwambia akae kivulini. Kamera ilimsogelea mpaka uso wake ukajaa kioo chote, na sauti nayo inatetemeka, na bado nilimwamini kila neno. Kwa filamu ile walimpa tuzo ya Oscar, akiwa na miaka 74. Ilikuwa ya nne kwake, na mpaka leo hakuna mwigizaji mwingine, awe mwanamume au mwanamke, aliyefikisha nne. Tatu kati ya hizo alizipata akiwa ameshafika miaka 60. Kutikisika kule, yeye mwenyewe alisema, amekurithi kwa babu yake.

Nilimwuliza binti alipataje kudumu hivyo. Akanisomea kwamba mwaka 1938 wenye majumba ya sinema walimtangaza pamoja na wenzake kuwa sumu, maana yake ukimweka kwenye filamu yako hupati mtazamaji. Tuzo ya kwanza alikuwa ameshaipata, lakini haikumsaidia. Alirudi kwenye maigizo ya jukwaani, akapata mchezo uliomfaa na haki za kuutengenezea filamu, na mwaka 1940 alikuwa amerudi juu kwa filamu hiyohiyo. Aliendelea kuigiza mpaka mwaka 1994, akafariki 2003 akiwa na miaka 96.

Simweki mbele yenu kama mfano wa imani. Alisema waziwazi kwamba haamini kuwa kuna Mungu, na alikuwa na uhusiano wa miaka mingi na mume wa mwanamke mwingine. Lakini Bwana aliyemlisha Eliya kwa kinywa cha kunguru anaweza kunikemea mimi kwa uso wa mwigizaji. Nimekemewa.

Kwa maana watu wa sinema, wanaoishi kwa sura, walimwona mwanamke mzee anayetikisika wakasema uso huu unafaa kutazamwa. Sisi tuliooshwa kwa damu, tunaosoma kila mwaka kwamba wanadamu huitazama sura ya nje bali Bwana huutazama moyo, tulimwona mama yetu tukampa mikoba. Torati imetuamuru tumwondokee mwenye mvi na tuheshimu uso wa mzee. Imetaja uso! Sijawahi kulitilia maanani neno hilo mpaka wiki hii. Ningeweza kusema namheshimu bibi, kwa kuwa nampelekea sukari na sabuni Krismasi ikifika. Uso wake ndio niliouondoa.

Na niwaambie lililonichoma kuliko yote. Liemba tuliitaka kwenye picha. Meli iliyoshushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa 1916, ikainuliwa kutoka majini 1924, ikarudi kazini 1927. Tulimwomba mpiga video ahakikishe inaonekana yote, na kutu yake. Tuliona fahari chuma kizee kikisimama nyuma yetu, tukaona haya mwili mzee kusimama kati yetu.

Mtunga zaburi aliomba, "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache." Miaka yote nilidhani anaogopa kutupwa na Mungu. Sasa nadhani alikuwa anatujua sisi. Bwana hajawahi kumtupa mzee. Kamati ya kwaya ndiyo hutupa. Mzee wa kanisa hutupa, anapogawa zamu za kusoma neno na kuruka majina ya wenye miwani mizito. Kijana hutupa, anaposema tunataka ibada ichangamke. Tunawapa wazee viti vya mbele, tunawaita hazina, halafu kazi hatuwapi. Mpendwa, kama kuna mtu umemwambia "pumzika" na moyoni ulimaanisha "ondoka", usisubiri semina ya neno wala mkesha. Nenda kwake. Nenda ukiwa bado una aibu, kwa maana aibu ikipoa hutakwenda.

Mimi nilikwenda juzi, Alhamisi jioni. Nilimkuta uani anachambua dagaa kwenye ungo, vidole vyake vinatoa kokoto bila kukosea hata moja. Nilipiga magoti palepale kwenye vumbi nikamwambia kwamba jua halikuwa sababu. Nikamwambia sababu yenyewe.

Alinyamaza, akachambua kidogo tena. Kisha akasema, "Nilijua, mwanangu. Nilikusamehe nikiwa palepale kwenye jiwe, maana mikoba yenyewe ilikuwa mizito, sikutaka kubeba na hilo."

Akaweka ungo chini. "Ila ubeti wa tatu mliukosea. Sauti ya pili mliipandisha. Pale inashuka."

Akaniimbia, kichwa kikitikisika, mkono wake wenye magamba ya dagaa ukinionyesha hewani noti inaposhukia. Nilikosea mara mbili. Mara ya tatu tukaimba pamoja.