Guangzhou nje ya masoko

Wabongo wengi tukija Guangzhou, China, tunaishia Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika: hoteli, mzigo, kago, ndege. Leo mzigo ulikuwa bado haujakamilika, nikapanda metro hadi wilaya ya Liwan kuzurura. Jamani! Mtaa wa Shangxiajiu umejaa majengo yanayoitwa qilou, mengi ya miaka ya 1920 na 1930. Ghorofa ya juu imetokeza mbele, imebebwa na nguzo, kwa hiyo unapita duka hadi duka mvua haikugusi. Ukiinua macho unakuta matao na maua ya plasta ya Kizungu, na hapohapo maandishi ya Kichina.

Madirisha ndiyo yaliyoniua: mbao zenye nakshi za Kichina, katikati vioo vyekundu, buluu na kijani. Zamani vioo hivyo vililetwa na meli kutoka Ulaya.

Halafu kuna Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, barabara ya Yide, karibu na maduka ya jumla ya midoli. Wafaransa walilijenga kwa mawe ya matale, 1863 hadi 1888, mafundi wakiwa Wachina. Huko juu, mifereji ya mvua imechongwa simba wa Kichina! Nilicheka peke yangu. Ukikwama unasubiri kago, nenda.